Upande wa Misumari

Ndia Kuu Rovers ilifungwa Jumapili bao moja la kizembe, na kabla ya adhana ya magharibi mashabiki wake walikuwa wameshajaa barazani kwa Yeslam. Yeslam alikuwa fundi wa cherehani. Duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba aliyozaliwa, Mji wa Kale, kando ya barabara ile ile iliyoipa timu jina. Kila mchezo uliochezwa uwanjani ulichezwa tena hapo kwa maneno, na mara nyingi Ndia Kuu ilishinda ule mchezo wa pili.

Jioni ile haikushinda hata huo. Ulikuwa umebaki mchezo mmoja ligi iishe. Wakishinda watabaki ligi kuu. Wakitoka sare au wakifungwa watashuka daraja, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu wazee waliokaa pale walipokuwa vijana. Walimsema beki aliyeteleza, kisha wakamwacha, kwa kuwa wote walijua beki yule aliingia uwanjani hajala kitu tangu asubuhi.

Kamaludin, mweka hazina wa timu, mwenye duka la vitambaa, aliwaeleza hali ilivyo ingawa waliijua. Wachezaji hawajapata marupurupu tangu mzunguko wa pili uanze. Mheshimiwa aliyeahidi basi wakati wa kura hapokei simu tangu kura ziishe. Lojingi ya Mwembe Tayari waliyokuwa wakilala wachezaji wa bara imewafungia nje na mikoba yao imezuiwa ndani. Kipa wao, Jared, sasa alilala sebuleni kwa Menza huko Majengo, pamoja na watoto wa Menza. Menza, mpakuaji mizigo wa Kilindini, alisema kijana hana taabu yoyote ila ana miguu mirefu. Watoto wanajikwaa kwake alfajiri wakienda msalani. Watu wakacheka kidogo.

Kisha Kamaludin akasema mchezo wa mwisho ni na Misumari, na kicheko kikakatika.

Misumari ilikuwa timu ya kiwanda cha misumari cha Shimanzi. Mashabiki wake walikuwa wachache, lakini wachezaji wake walikuwa na mshahara, chai ya saa nne na gari la kuwapeleka mazoezini. Msimu ule ilikuwa katikati ya msimamo, haina la kupata wala la kupoteza. Ilichokuwa nacho ni winga mmoja aliyeujua uwanja wa Manispaa kama anavyoujua ukumbi wa kwao. Jina lake lilikuwa Yazid, naye alikuwa mwana wa Yeslam.

"Sisemi acheze vibaya," alisema Kamaludin, akimtazama Yeslam kwa upole. "Hiyo ni khiyana. Nasema augue. Watu huugua. Tumbo la siku moja tu, Yeslam, na Jumatatu amepona."

Yeslam alikuwa na bisibisi mkononi. Aliifuta kwa kitambaa cha mafuta, akaendelea kuifuta hata ilipokuwa safi. Mmoja wa wazee akakumbusha kwamba kijana alifunzwa mpira na Ndia Kuu bure, tangu hajaota meno ya ukubwani. Mwingine akaongeza kwamba alipohamia Misumari hakuaga mtu. Menza peke yake hakusema neno.

"Wewe ni babake," Kamaludin akamalizia. "Neno lako kwake halianguki chini."

Yeslam akasema yuafunga duka. Haikuwa saa yake ya kufunga, kwa hivyo wakaelewa, wakainuka mmoja mmoja.

* * *

Nabiha, mkewe, alikuwa uani ameinamia beseni la jezi. Ndiye aliyezifua jezi za timu tangu enzi ya kamati iliyokufa zamani, na hakuna aliyekumbuka nani alimwomba. Ukuta wa duka na ua ulikuwa mmoja, basi hakuwa na haja ya kuhadithiwa.

"Utamwambia?" aliuliza.

"Sijui."

Alizikamua jezi mbili kabla ya kusema tena. Alimkumbusha mumewe kwamba wajomba wa Swabaha wameikubali posa ya Yazid kwa sharti moja, kijana awe na kazi ya kudumu. Sasa hivi alikuwa kibarua wa stoo pale kiwandani, mkataba wake ukifanywa upya kila baada ya miezi michache kama mtu anayeongezewa pumzi. Kiwanda kimesema ligi ikiisha kitawaandika baadhi ya vibarua wachezaji. Mtu asiyeonekana siku ya mchezo wa mwisho, aliuliza, nani atamwandika?

Yeslam alijibu kwamba timu ikishuka huenda isipande tena. Huko chini hakuna kiingilio, na bila kiingilio hakuna nauli, na timu isiyosafiri hufutwa. Alizaliwa akaikuta, na hakupenda ife kabla yake.

"Baba Yazid, mimi jezi hizi nimezifua tangu Yazid yuko mgongoni," alisema Nabiha. "Sikuuliza hata siku moja sabuni yatoka wapi. Lakini mwanangu simtii ndani ya beseni hili."

Yeslam hakumwambia kijana kitu Jumatatu, wala Jumanne asubuhi. Yazid alimbusu mkono kama kawaida yake, akanywa chai amesimama, akaenda kazini.

Kamaludin hakuweza kungoja. Jumanne hiyo, Yazid alipotoka kazini na kupita msikitini kwa sala ya alasiri, alimshika mkono nje ya mlango, akamtembeza hadi dukani kwake na kumfungulia soda. Akamwuliza habari za harusi. Akamwonyesha hariri iliyoingia juzi kutoka Dubai, akasema bibi harusi wa mwana wa Yeslam hatanunua kitambaa mahali pengine, na bei ataitaja Yazid mwenyewe. Halafu akaja kwenye neno lake. Yazid aliiacha soda juu ya meza haijaguswa, akarudi nyumbani, akaingia moja kwa moja dukani kwa baba yake, ambaye alikuwa amefungua tumbo la cherehani la mteja.

"Baba, wewe ndiye uliyemtuma Bwana Kamaludin kwangu?"

"La."

"Lakini ulijua."

"Nilijua. Waliniambia nikwambie, nikanyamaza."

Yazid alikaa kwenye kigoda cha wateja. Alikuwa bado na vumbi la stoo nyusini. "Na wewe wataka nini?"

Lilikuwa swali la haki, na Yeslam alijua angeweza kulikwepa. Angeweza kusema kazi ni yako, mguu ni wako, na kijana angetosheka. Aliweka bisibisi chini.

"Nataka Ndia Kuu ibaki," alisema. "Nataka sana. Lakini sikuombi."

Yazid aliitazama ile mashine iliyofunguliwa. "Afadhali ungeniomba," alisema. "Ningekukatalia, yakaisha."

Akainuka akaenda kuoga.

* * *

Siku ya Alkhamisi Mwembe Tayari yote ilikuwa imeshapata habari. Hakuna aliyejua zilianzia wapi. Pengine kwa mfanyakazi wa Kamaludin, pengine kwa Kamaludin mwenyewe, ambaye hakujua kukaa na tumaini peke yake. Wauza miwa na makuli wa mabasi ya bara walikuwa wakisema Yazid ni wetu, ameshakunywa soda ya mweka hazina. Kufika mchana maneno yalikuwa Shimanzi.

Meneja wa Misumari aliitwa Kioko, na ndiye pia aliyesimamia stoo. Hakuwa mtu mbaya. Miaka michache nyuma mchezaji wake aliuza mchezo, na wakubwa wa kiwanda nusura wamfukuze yeye Kioko badala ya mchezaji. Tangu hapo hakuuliza maswali. Jioni ile mazoezini alisoma majina ya watakaocheza, na jina la Yazid halikuwemo. Yazid alipomfuata kumwuliza, Kioko alimwambia mbele ya wenzake kwamba viatu vya mpira alivyovaa ni mali ya kampuni, avivue aviache hapo. Kesho asije stoo mpaka aitwe.

Yazid alivivua. Viatu vyake vya kazi vilikuwa kabatini stooni, na stoo ilikuwa imefungwa. Mmoja wa wenzake alitaka kumpa ndara zake, akakataa. Akatembea peku kutoka Shimanzi, akakata njia ya Mwembe Tayari kwa kuwa hakuna fupi kuliko hiyo, lami ikiwa bado ina moto wa mchana.

Watu walimtambua. Walidhani amefanya walivyotaka, amejitoa mwenyewe timuni. Mzee mmoja aliacha mizani yake akaja kumpiga mgongoni, akamwita mwana wa halali. Dereva mmoja alimpigia honi. Muuza mahindi alimpa hindi la kuchoma na kukataa kulipwa. Yazid alitembea na lile hindi mkononi hadi nyumbani, bila kulila na bila kulitupa.

Nabiha alimwekea maji ya chumvi miguuni. Yazid alisimulia yote kwa maneno machache, akilitazama karai. Aliposema kwamba walimpongeza, aliliweka lile hindi sakafuni. Yeslam alisimama mlangoni akasikiliza hadi mwisho. Hakuna aliyemgeukia.

* * *

Ijumaa asubuhi Yeslam alivaa kanzu yake ya sala ya Ijumaa, akaenda Shimanzi kwa miguu. Langoni mwa kiwanda palikuwa na vijana wanaosubiri kibarua cha siku, na askari wa lango alimweka katika foleni yao bila kumwuliza. Alipofika mbele, askari alimtazama ndevu zake akasema kwa adabu, "Mzee, hapa hapana kazi ya watu wazima." Vijana nyuma yake wakacheka. Yeslam akaeleza kwamba anamtafuta Bwana Kioko. Akaambiwa akae pembeni. Pembeni hapakuwa na pa kukaa wala kivuli, basi akasimama. Malori ya vyuma yakaingia na kutoka, na kila moja lilimwachia vumbi juu ya kanzu.

Kioko alipotoka alikuwa na kalamu sikioni. Hakumkaribisha ndani. Walizungumza pale pale, kando ya mizani ya malori.

Yeslam alimsalimu, akamwuliza hali ya nyumbani kwake, kisha akasema lililomleta. Waliomwendea Yazid ni watu wake yeye, Yeslam, wa baraza lake. Kijana aliwakataa.

"Ulikuwepo?" Kioko aliuliza.

"Sikuwepo. Lakini alitoka huko akaja kuniuliza mimi, na mimi sikumwomba kitu."

"Mzee, Mombasa nzima inajua wewe ni mtu wa Ndia Kuu. Leo unasimama hapa unaniambia nimchezeshe mtu ambaye anaweza kuishusha timu yako. Nikuamini kwa lipi?"

Yeslam alifikiri. "Mimi mwenyewe nikijisikia nasema, sijiamini," alisema. "Naipenda timu yangu, na Jumapili nitaiombea dua. Lakini mwanangu mukimtoa kwa jina la mwizi, hakuna lango jingine kisiwani litakalomfungukia. Hilo si la mpira tena. Mchezeshe. Akicheza vibaya mutaona, na mutamfukuza kwa haki."

Kioko alichukua kalamu sikioni, akaigongagonga kwenye kiganja. Alisema hata akitaka, wakubwa wamesikia, na wafanyakazi wamesikia. Akimpanga Yazid na mambo yakaharibika, watasema na yeye amekula.

Halafu akapata wazo, na alilitoa bila kebehi. "Njoo Jumapili ukae upande wetu. Nyuma ya benchi langu. Watu wako wakuone na watu wangu wakuone. Wakikuona hapo hakuna atakayesema mnachezeana mchezo."

Katika uwanja wa Manispaa, Misumari na timu nyingine za makampuni zilikaa jukwaani, chini ya bati. Ndia Kuu ilikaa upande wa jua, ambako kiingilio kilikuwa nafuu. Yeslam hakuwahi kulivuka lile jani la uwanja kwenda upande wa pili hata mara moja. Aliuliza kama hakuna njia nyingine. Kioko alisema yeye haioni.

"Basi nitakuja."

"Na usimwambie yeye," alisema Kioko. "Acheze na akili yake."

Jioni ile gari la kampuni lilisimama mwisho wa barabara, na dereva akaleta mfuko wenye viatu vya mpira na viatu vya kazi. Yazid aliuliza nani amebadilisha mambo. Dereva hakujua. Yeslam alikuwa akitia mafuta cherehani, na hakuinua kichwa.

* * *

Jumapili uwanja ulijaa kuliko siku zote za msimu ule. Watu ambao hawakununua tikiti mwaka mzima walinunua siku ya kuzika. Upande wa jua walikuwa na ngoma na zumari, na Menza ndiye aliyeongoza nyimbo, amesimama juu ya ngazi ya mbele na shati amelifunga kiunoni.

Yeslam aliingia kwa mlango wa jukwaani. Kioko alikuwa amemwekea nafasi safu ya pili, baina ya makarani wawili wa kiwanda waliosogea mbali naye kidogo, kama wafanyavyo watu wanapokaa karibu na mgonjwa. Alikaa, akaweka mikono magotini.

Menza ndiye aliyemwona kwanza. Wimbo ulikatika katikati ya neno. Vichwa vikageuka, upande mzima, na kwa muda ngoma haikulia. Kisha wakaanza kupiga miluzi. Mtu alisema neno juu ya mama yake Yeslam, ambaye alikuwa amekufa, na ambaye nusu ya watu wale walikula kwake siku za sikukuu. Kamaludin alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akatazama tena. Ngoma ikaanza upya, lakini Menza alikuwa ameshuka kwenye ngazi, na sasa mwingine ndiye aliyeongoza.

Wachezaji walipotoka, Yazid alikuwa wa akiba. Alimwona baba yake alipokuwa akija kukaa benchi. Alisimama, akatazama upande wa jua, akarudisha macho kwa baba yake, kama anayedhani mzee amepotea njia. Yeslam alimwitikia kwa kichwa tu. Yazid akakaa, na kwa kipindi chote cha kwanza hakugeuka tena.

Ndia Kuu walicheza kama watu wenye njaa, na ndivyo walivyokuwa. Kabla ya mapumziko walipata kona, mpira ukapigwa kichwa, ukaingia. Upande wa jua ukalipuka. Makarani wa kulia na kushoto kwake walimgeukia Yeslam kuona uso wake. Hakuwapa kitu. Ndani yake moyo ulikuwa umeruka kama ulivyoruka maisha yake yote, na alikaa juu yake kama mtu anayekalia sanduku lisifunguke.

Kipindi cha pili kilikuwa kimekwenda nusu Kioko aliposimama, akamtazama Yeslam, kisha akamwambia Yazid avue fulana ya mazoezi.

Miluzi ilimpokea. Mpira wa kwanza alioupata ulimpita chini ya mguu ukatoka nje, na upande wa jua wakamshangilia. Nyuma ya Yeslam mtu alisema mnaona, amekula. Mpira wa pili Yazid aliurudisha nyuma. Wa tatu hakuufikia. Kioko alikuwa amekunja mikono. Yeslam alijua mwanawe anafanya nini. Alikuwa akisikiliza watu. Tangu utotoni alikuwa akicheza vibaya akisikiliza watu.

Zilibaki dakika chache. Ndia Kuu wote walikuwa wamerudi kulinda, wamechoka, wanaupiga mpira popote. Mmoja wao aliupiga ukaangukia miguuni kwa Yazid, pembeni kabisa, karibu na jukwaa, mahali ambapo Yeslam alimwona uso. Hakuwa anasikiliza tena. Alimpita beki wa kwanza kwa kumwacha amesimama. Wa pili alimpita kwa nje, akarudi ndani. Jared alitoka langoni na mikono yake mirefu. Yazid akapiga.

Jukwaa liliinuka. Jared alilala kifudifudi kwenye vumbi la goli na hakuinuka upesi. Yazid hakukimbia popote. Wenzake ndio waliomkimbilia. Ulipopita muda kidogo, na makarani wakakaa, Yeslam aligundua kwamba yeye amesimama. Hakupiga makofi, hakufungua kinywa, lakini alikuwa amesimama, na hakujua ni lini. Ng'ambo ya uwanja, upande wa jua, kila mtu alikuwa ameketi na vichwa vimeinama, isipokuwa Menza, aliyekuwa akimtazama.

Refa alipomaliza mchezo ilikuwa bao moja kwa bao moja. Yazid alikwenda kwa Jared akampa mkono, na Jared akaushika akainuka. Watu wazima upande wa jua walilia bila kujificha. Hakukuwa na fujo. Hata waliokuja na mawe waliyaacha ngazini.

* * *

Baraza la Yeslam lilibaki tupu. Kijana wa kahawa, aliyekuwa akipita hapo kila jioni na madele yake, alibadilisha njia. Washonaji wawili walio jirani na duka la Kamaludin walikuja kuchukua cherehani zao ambazo hazijatengenezwa, wakasema watazipeleka kwa fundi Mhindi. Asubuhi moja mlango wa duka ulikutwa umeandikwa MISUMARI kwa mkaa. Nabiha aliusugua kwa sabuni na maji, na herufi zikafifia ila hazikutoka zote. Yeslam alimwambia aache. Katibu wa timu alimtuma mtu kuja kuchukua jezi. Nabiha alimpa, zimekunjwa na kupigwa pasi.

Misumari ilimwandika Yazid kazi ya kudumu mwezi wa Disemba. Kioko mwenyewe ndiye aliyempa habari, na hapo ndipo alipomweleza jambo la jukwaani. Yazid alirudi nyumbani siku hiyo kabla ya wakati. Alimbusu baba yake mkono, akauvuta ule mkono kidogo kwenye paji la uso wake, kisha akakaa kwenye kigoda na kuuliza cherehani iliyofunguliwa ina maradhi gani. Wakaishughulikia pamoja mpaka jua lilipotua. Wajomba wa Swabaha walileta tarehe ya harusi wiki iliyofuata.

Mwezi wa pili, kabla ligi ya daraja la chini haijaanza, wanachama wa Ndia Kuu waliitwa mkutano katika ua wa madrasa. Nabiha alimwuliza mumewe anakwendea nini. Yeslam alisema kadi yake ya uanachama haijaisha.

Walikuwa wamejaa mikekani alipoingia. Alitoa salamu, na waliojibu walijibu kwa kuwa salamu hairudishwi mikono mitupu. Kamaludin alikuwa mbele, akieleza kwamba bila ada ya kujiandikisha timu itafutwa, na kwamba kuna mfanyabiashara wa bara anayetaka kulinunua jina alihamishe. Alipomwona Yeslam alisita, halafu akasema kwa sauti ya mkutano kwamba waliokaa jukwaani siku ile hawana sauti hapa.

Hakuna aliyempinga. Hakuna aliyemuunga mkono pia. Yeslam alikuwa bado amesimama, viatu mkononi, akitafuta pa kukaa, na mikeka ilikuwa imejaa kwa namna ambayo mikeka hujaa watu wasipotaka kusogea.

Menza alikuwa mwisho wa mkeka wa tatu. Bila kumtazama, alikunja mguu wake mmoja, kisha wa pili, pakabaki nafasi ya mtu. Yeslam akakaa.

Kamaludin aliendelea na hesabu zake. Mmoja alisema jina lisiuzwe. Mwingine aliuliza atakayelipa ni nani. Muda mrefu ulipita, Yeslam na Menza wamekaa goti kwa goti. Mwishowe Menza aliinamisha kichwa, akakikuna kidevu.

"Kule upande wetu jua lilikuwa machoni," alisema taratibu, kwa sauti ambayo mtu wa mkeka wa pili asingeisikia. "Lile bao. Alipiga kwa mguu gani?"

"Wa kushoto."

Menza aliitikia kwa kichwa. "Nilimwambia Jared ni wa kushoto, akabisha." Akamsikiliza Kamaludin kidogo. "Mguu ule tulimfunza sisi."

"Nyinyi," alisema Yeslam. "Wewe hasa, pale uwanja wa Makadara."

"Sisi," Menza akarudia. Kisha akanyoosha mkono juu, kwa kuwa Kamaludin alikuwa akiuliza nani atapiga kura jina lisiuzwe, na kwa mkono wake mwingine akamgusa Yeslam kwenye kiwiko ili naye anyooshe.